Projestojeni: Mlinzi wa mfuko wa uzazi kwa wanaotumia homoni baada ya kukoma hedhi

KATIKA mitaa yenye ujirani wa karibu kama Kikwajuni, mjini Zanzibar, dawa iliyomfaa mtu mmoja haikawii kupendekezwa kwa mwingine. Jina la kidonge huandikwa kwenye kipande cha karatasi, mtoto akatumwa duka la dawa, na jioni jirani akaanza kumeza. Kwa dawa ya kuumwa kichwa, huenda desturi hiyo isilete madhara makubwa. Kwa homoni zinazotumiwa na wanawake waliokoma hedhi, inaweza kumpeleka mtu kwenye saratani.

Mfano ni wa wanawake wawili wenye umri wa miaka 51, wote wakisumbuliwa na joto la ghafla na jasho la usiku. Wa kwanza alikwishafanyiwa upasuaji na kuondolewa mfuko wa uzazi kutokana na uvimbe. Daktari akimpa homoni ya estrojeni peke yake, hakukosea. Wa pili bado ana mfuko wake wa uzazi. Akimeza kidonge kilekile cha mwenzake, joto litapungua na usingizi utarudi, lakini ndani ya mfuko wa uzazi utando utaendelea kuota bila wa kuuzuia.

Kinachokosekana kwa mwanamke huyo wa pili ni dawa za kundi la projestojeni. Hizo ndizo zinazomkinga mwanamke mwenye mfuko wa uzazi anapotumia estrojeni. Hata hivyo, kinga hiyo ina gharama zake, na ndiyo maana aina ya projestojeni, kipimo chake na muda wa kuitumia ni mambo ya kupangwa na daktari.

Mwisho wa safari usio na kungwi

Katika pwani ya Afrika Mashariki, msichana aliyevunja ungo kwa desturi hakuachwa peke yake. Somo au kungwi alimfunza maana ya mabadiliko ya mwili wake, usafi na staha. Upande wa pili wa safari hiyo, pale hedhi inapokatika, mara nyingi mwanamke hukabiliana na mambo hayo kimya kimya.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), wanawake wengi hufikia ukomo wa hedhi kati ya umri wa miaka 45 na 55. Mwanamke huhesabiwa kuwa amekoma hedhi baada ya kupita miezi 12 mfululizo bila ya kuona damu, ikiwa hakuna sababu nyingine kama vile ujauzito, maradhi au dawa.

Kabla ya kufikia hapo, hedhi huanza kuyumba: mara inakuja mapema, mara inachelewa, mara inatoka kwa wingi. Baadhi ya wanawake hupatwa na joto la ghafla linalopanda kifuani hadi usoni, moyo kwenda mbio, kukosa usingizi, ukavu ukeni na maumivu wakati wa tendo la ndoa. Katika miezi ya kaskazi, ambapo mji mzima unalalamikia joto, ni rahisi dalili hizo kudhaniwa kuwa ni hali ya hewa au homa.

Si kila mwanamke anahitaji dawa. Wengine hupita kipindi hicho kwa usumbufu mdogo. Lakini kwa wale ambao dalili zinawakosesha usingizi, kazi na raha ya nyumbani, tiba ya homoni ndiyo inayofanya kazi vizuri zaidi kuliko nyingine zote katika kupunguza joto la ghafla.

Homoni mbili, kazi mbili

Katika umri wa kuzaa, vifuko vya mayai hutengeneza homoni mbili kuu. Estrojeni hujenga utando wa ndani wa mfuko wa uzazi katika nusu ya kwanza ya mwezi. Yai linapotoka, homoni ya pili, yaani projesteroni, huongezeka. Kazi yake ni kusimamisha ukuaji huo na kuutayarisha utando kwa ajili ya mimba. Mimba isipotunga, homoni zote mbili hushuka na utando hutoka ukiwa ni damu ya hedhi.

Uhusiano huo unafanana na shamba wakati wa masika. Estrojeni ni mvua inayootesha kila kitu. Projesteroni ni jembe la palizi. Mvua ikinyesha mfululizo bila ya palizi, shamba hugeuka pori.

Estrojeni inayotolewa kama dawa ndiyo inayotibu joto la ghafla, na pia husaidia kuilinda mifupa. Lakini mfuko wa uzazi hautofautishi kati ya estrojeni ya dawa na ile ya mwili. Hupokea amri ileile ya kuota. Ndipo inapohitajika projestojeni, jina linalojumuisha projesteroni yenyewe pamoja na dawa zilizotengenezwa maabara ili kufanya kazi kama yake.

Kutoka kiazi hadi kidonge

Wanasayansi walifanikiwa kuitenga projesteroni mwaka 1934. Tatizo lilikuwa ni kwamba ilipatikana kwa shida, tena ikimezwa, sehemu kubwa huharibiwa na ini kabla ya kufanya kazi.

Njia ilifunguka katika miaka ya 1940, pale mkemia wa Marekani, Russell Marker, alipotumia mimea ya Mexico iliyo jamaa ya viazi vikuu kutengenezea projesteroni. Mwaka 1944 kampuni ya Syntex ilianzishwa katika Jiji la Mexico kwa msingi wa ugunduzi huo. Mwaka 1951, katika maabara ya kampuni hiyo, mkemia kijana Luis Miramontes, akifanya kazi chini ya Carl Djerassi na George Rosenkranz, alitengeneza norethisteroni, projestojeni yenye nguvu hata inapomezwa. Baadaye katika miaka hiyo ya 1950 ikapatikana medroksiprojesteroni, iliyokuja kuwa projestojeni iliyotumiwa zaidi Marekani katika tiba ya ukomo wa hedhi.

Historia hiyo imezaa dhana potofu kwamba kula viazi vikuu, au kujipaka krimu iliyotengenezwa kwa viazi hivyo, humpa mwanamke projesteroni. Sivyo. Mabadiliko yaliyofanywa na Marker yalihitaji maabara. Mwili wa binadamu hauwezi kuyafanya. Kiazi kikuu ni chakula kizuri, lakini hakiukingi mfuko wa uzazi.

Funzo la mwaka 1975

Premarin, dawa ya estrojeni inayopatikana kwenye mkojo wa farasi jike wenye mimba, iliidhinishwa Marekani mwaka 1942. Katika miaka ya 1960 ilienea sana, ikisifiwa kuwa ni njia ya kubakia kijana. Wanawake wengi waliitumia peke yake, bila ya projestojeni.

Desemba 1975, jarida la kitabibu la New England Journal of Medicine lilichapisha tafiti mbili kwa pamoja. Moja ilionyesha kuwa hatari ya saratani ya utando wa mfuko wa uzazi kwa watumiaji wa estrojeni ilikuwa mara 4.5 ya wasiotumia. Nyingine ilipata mara 7.6. Mauzo yakaporomoka, na madaktari wakaanza kuongeza projestojeni kwa kila mwanamke mwenye mfuko wa uzazi.

Kwamba hatua hiyo ilikuwa sahihi kulithibitishwa na utafiti wa Marekani uliojulikana kwa jina la PEPI, ambao matokeo yake kuhusu mfuko wa uzazi yalitolewa mwaka 1996. Ndani ya miaka mitatu, asilimia 34 ya wanawake waliopewa estrojeni pekee walipatwa na uotaji hatari wa utando, hali inayoweza kugeuka saratani. Kwa waliopewa kidonge kisicho na dawa, ilikuwa asilimia 1 tu. Waliopewa estrojeni pamoja na projestojeni walikaribiana na hao wa mwisho.

Utafiti uliotikisa dunia

Pigo la pili lilikuja Julai 2002. Utafiti mkubwa wa Marekani uitwao Women's Health Initiative (WHI), uliowahusisha wanawake 16,608 wenye umri wa miaka 50 hadi 79, ulisimamishwa kabla ya wakati. Washiriki walipewa ama kidonge kimoja chenye estrojeni ya farasi na medroksiprojesteroni, ama kidonge kisicho na dawa.

Baada ya wastani wa miaka 5.2, ilibainika kuwa kwa kila wanawake 10,000 wanaotumia dawa hizo kwa mwaka mmoja, kuliongezeka wagonjwa 8 wa saratani ya titi, 7 wa moyo, 8 wa kiharusi na 8 wa mgando wa damu kwenye mapafu. Kwa upande mwingine, kulikuwa na pungufu ya wagonjwa 6 wa saratani ya utumbo mpana na 5 wa kuvunjika nyonga. Saratani ya mfuko wa uzazi haikuongezeka: projestojeni ilikuwa imefanya kazi yake.

Habari hizo zilipotangazwa, mamilioni ya wanawake waliziacha dawa. Kilichokosa kuelezwa vya kutosha ni kwamba wastani wa umri wa washiriki ulikuwa miaka 63, wengi wao wakiwa wamekoma hedhi miaka mingi kabla. Wataalamu leo wanakubaliana kuwa kwa mwanamke mwenye afya aliye chini ya miaka 60, au ambaye haijapita miaka 10 tangu akome hedhi, na ambaye dalili zinamsumbua, faida kwa kawaida huzidi madhara.

Hata hivyo, utafiti huo uliacha swali zito juu ya projestojeni yenyewe. Katika sehemu yake nyingine, wanawake 10,739 waliokwishaondolewa mfuko wa uzazi walipewa estrojeni pekee. Sehemu hiyo nayo ilisimamishwa mwaka 2004 kwa sababu ya kiharusi, lakini saratani ya titi haikuongezeka. Kwa hiyo macho yakaelekezwa kwenye projestojeni.

Mwaka 2019, jarida la Lancet lilichapisha uchambuzi wa tafiti 58 kutoka sehemu mbalimbali za dunia. Ulikadiria kuwa, katika nchi za Magharibi, mwanamke asiyetumia homoni ana uwezekano wa asilimia 6.3 wa kupata saratani ya titi kati ya umri wa miaka 50 na 69. Akitumia estrojeni pekee kwa miaka mitano kuanzia umri wa miaka 50, huwa asilimia 6.8. Akitumia estrojeni na projestojeni ya siku chache za mwezi, huwa asilimia 7.7. Akitumia zote mbili kila siku, huwa asilimia 8.3, sawa na mgonjwa mmoja zaidi kwa kila watumiaji 50.

Huo ndio mtego uliopo. Dawa inayoulinda mfuko wa uzazi ndiyo inayoongeza kidogo hatari kwa titi. Mwenye mfuko wa uzazi hawezi kuikwepa. Asiye nao hana sababu ya kuibeba.

Novemba 2025, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani (FDA) ilitangaza kuanza kuyaondoa kwenye vifungashio maonyo makali kuhusu moyo, saratani ya titi na kupotewa na kumbukumbu, yaliyowekwa baada ya utafiti wa WHI. Onyo moja liliachwa mahali pake: lile la saratani ya mfuko wa uzazi kwa estrojeni inayotumiwa peke yake.

Jina moja, matumizi mbalimbali

Kwa wanawake wengi wa Zanzibar, projestojeni si ngeni ingawa jina hilo huenda halitajwi. Sindano ya uzazi wa mpango, Depo-Provera, ni medroksiprojesteroni ileile iliyotumika katika utafiti wa 2002. Tofauti ni kipimo na lengo. Sindano hubeba miligramu 150 kwa miezi mitatu ili kuzuia mimba. Katika tiba ya ukomo wa hedhi, kidonge huwa cha miligramu 2.5 kila siku, au miligramu 5 hadi 10 kwa siku 12 hadi 14 za mwezi, daima pamoja na estrojeni.

Mwanamke wa miaka 48 anayetumia sindano hiyo anaweza asione hedhi kwa muda mrefu, akadhani amekwishakoma. Kutoona damu kwa sababu ya sindano si ushahidi wa ukomo. Aidha, matumizi yake ya muda mrefu hupunguza uzito wa mifupa, jambo linalostahili kuzungumzwa na mtoa huduma umri unaposogea.

Norethisteroni ya miligramu 5 nayo inajulikana. Baadhi ya wanawake huitumia kuchelewesha hedhi wakati wa Hija au mwezi wa Ramadhani. Katika tiba ya ukomo wa hedhi, kipimo chake ni kidogo zaidi, kwa kawaida miligramu 0.5 hadi 1. Mwenye historia ya mgando wa damu hapaswi kujinunulia vidonge vikubwa vya dawa hii, kwa kuwa sehemu yake hubadilika mwilini na kuwa aina ya estrojeni yenye nguvu.

Ipo pia levonorjestreli, inayowekwa kwenye kitanzi cha homoni ndani ya mfuko wa uzazi. Kitanzi hicho huulinda utando palepale kinapokaa, huku kiasi kidogo tu kikiingia katika damu. Lakini si kila kitanzi kina homoni. Kile cha shaba hakina, na hakikingi utando. Vijiti vya mkononi navyo havikuidhinishwa kwa kazi hii.

Vilevile zipo didrojesteroni na projesteroni inayofanana kabisa na ya mwili, iliyosagwa laini ili iweze kumezwa. Utafiti wa Ufaransa uliochapishwa mwaka 2008 uliashiria kuwa hizo mbili huenda zina madhara madogo zaidi kwa titi kuliko projestojeni nyingine. Utafiti huo ulikuwa wa kufuatilia watumiaji, si wa kugawa dawa kwa kura, kwa hiyo haujafunga mjadala.

Damu, sala na saumu

Kwa mwanamke Mwislamu, namna projestojeni inavyotumiwa ina uzito wa pekee. Akipewa kwa siku 12 hadi 14 tu za mwezi, anapoiacha hutokwa na damu kama ya hedhi. Akipewa kila siku bila kukatiza, lengo ni kutotokwa na damu kabisa, ingawa miezi mitatu hadi sita ya mwanzo inaweza kuwa na matone ya hapa na pale.

Kwa kawaida njia ya kwanza hupewa mwanamke ambaye hedhi yake ndiyo kwanza inayumba, na ya pili hupewa aliyekwisha kukoma kwa mwaka mmoja au zaidi. Hukumu ya damu hiyo kuhusu sala na saumu ni suala la kuulizwa wanazuoni. Lakini daktari ndiye wa kueleza ni njia ipi italeta damu na ipi haitaleta, na mgonjwa ana haki ya kuliuliza hilo kabla ya kuanza dawa.

Wapo pia watakaotaka kujua asili ya estrojeni wanayopewa. Estradioli hutengenezwa kwa malighafi za mimea, hivyo asiyeridhika na dawa itokanayo na mkojo wa farasi anaweza kuuliza juu yake.

Kwa wale ambao shida yao ni ukavu wa uke pekee, estrojeni ya kiasi kidogo inayowekwa ukeni mara nyingi hutosha, na kwa kawaida haihitaji projestojeni.

Nani asitumie

Tiba ya homoni haimfai mwanamke aliyewahi kuugua saratani ya titi, kiharusi, mshtuko wa moyo au mgando wa damu miguuni au mapafuni. Haimfai pia mwenye ugonjwa mkali wa ini, mjamzito, wala anayetokwa na damu ambayo sababu yake haijajulikana. Mwenye shinikizo la damu au kisukari anahitaji kupimwa na kufuatiliwa kwanza.

Kwa wakazi wa Kikwajuni Juu, Kikwajuni Bondeni na wale wa nyumba za ghorofa zilizojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki baada ya Mapinduzi ya 1964, Hospitali ya Mnazi Mmoja iko mwendo wa miguu. Anayekwenda kuonana na daktari ni vyema achukue vifungashio vya dawa zote anazotumia, zikiwemo alizopewa na jirani, na aeleze wazi kama bado ana mfuko wa uzazi. Baadhi ya waliofanyiwa upasuaji miaka mingi iliyopita hawana hakika ni kitu gani kilichoondolewa. Karatasi za hospitali zikipotea, uchunguzi wa picha ya mawimbi ya sauti unaweza kuonyesha.

Jambo la mwisho halihitaji mjadala. Mwanamke aliyekoma hedhi kwa mwaka mzima, kisha akaona damu, hata kama ni tone moja, hata kama haina maumivu, anapaswa kwenda hospitali, awe anatumia homoni au hatumii. Kwa wengi sababu huwa nyepesi, kama vile ukavu wa uke. Lakini takriban mwanamke mmoja kati ya kila 10 wenye dalili hiyo hukutwa na saratani ya utando wa mfuko wa uzazi. Damu hiyo pia inaweza kuwa ishara ya saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa wanawake nchini Tanzania.

Saratani ya utando wa mfuko wa uzazi kwa kawaida hujitangaza mapema kwa damu hiyo, na ikigunduliwa katika hatua ya mwanzo, wengi hupona. Anayeificha kwa haya, au anayedhani kuwa ni ujana unaorudi, huipoteza nafasi ambayo ugonjwa wenyewe umempa.